Mwongozo wa kutafuta kazi Mombasa wakati mambo ni magumu

Duka langu la saiba, yaani la kompyuta na intaneti, liko mwendo mfupi kutoka Mwembe Tayari, na kazi inayoniletea wateja wengi zaidi si picha za pasipoti wala kadi za harusi, bali ni wasifukazi, yaani ile karatasi ambayo wengi wetu tunaiita sivii. Kijana huja, hutoa nakala kumi au ishirini, na mashine inapoendelea kutema karatasi huniuliza maswali yaleyale niliyoulizwa na aliyemtangulia: aanzie wapi, je ni kweli kwamba kazi haipatikani bila kutoa kitu kidogo, na kwa nini hakuna anayempigia simu. Swali hilo la tatu huanza kulijibu kwa kuipiga nambari iliyoandikwa juu ya karatasi yake, kwa kuwa si mara moja nimekuta ni ya laini iliyokwisha kufungwa.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeanza kutafuta kazi Mombasa bila mjomba ofisini na bila akiba kubwa.

Sababu za uhaba nitazigusa kwa ufupi, kwa kuwa zinakuonyesha mahali ambapo hupaswi kupoteza muda. Treni za mizigo za SGR, ile reli mpya, zilipoanza kubeba makasha kwenda Nairobi mwaka 2018, na hasa baada ya amri ya mwaka 2019 iliyotaka mizigo isafirishwe kwa reli, kazi za malori, za yadi za makasha, za gereji na za vibanda vya chakula zilipungua sana, hata wakazi wakaandamana mjini. Mwaka 2020 korona ilifunga mahoteli. Septemba 2022 Rais Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa, na baadhi ya kazi zikarudi, ila hazikurudi zote, wala hazikurudi kwa sura ileile. Anayekuambia kwamba bandari inameza kila kijana mwenye nguvu anakusimulia habari za enzi ya babu yake.

KABLA YA KUANZA

Usitoke nyumbani kwenda getini kwa mwajiri kabla hujakuwa na vitu hivi:

- Kitambulisho cha kitaifa chenyewe, pamoja na nakala zake zisizopungua kumi.
- PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi. Kuisajili ni bure, ingawa saiba itakutoza kidogo kwa kazi ya kukujazia, nami ni mmoja wa wanaotoza.
- Nambari ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.
- Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi. Ombi hujazwa na kulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Walio kisiwani wengi hutumia Huduma Centre iliyo katika jengo la Posta, barabara ya Digo.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na barua pepe ambayo nenosiri lake unalikumbuka.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu.
- Nauli ya wiki mbili iliyotengwa kando. Ukikaa Likoni au Mtongwe, kumbuka kwamba anayevuka feri kwa miguu halipi, hivyo hesabu nauli yako kuanzia upande wa kisiwani.

Tahadhari kuhusu PIN: ukishaipata unatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako, kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hukuingiza senti moja. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000. Kila mwaka huwapokea vijana waliopata PIN kwa sababu ya kazi moja waliyoikosa, wakaisahau, na sasa wanadaiwa faini za miaka mitatu.

HATUA YA 1: Andika unachoweza kukifanya kesho asubuhi

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uandike kazi ambazo mtu akikupa kesho utazifanya bila kuelekezwa. Usiandike sifa kama "mchapakazi" au "mwaminifu", kwa kuwa kila mtu huziandika. Andika vitendo: kupaka plasta, kushona mfuko wa suruali, kupika biriani ya watu hamsini, kuendesha tuktuk, kuhesabu stoo, kuzungumza Kijerumani cha kumwelekeza mgeni. Orodha ikiwa fupi usione haya. Ndiyo itakayokuambia ujifunze nini.

HATUA YA 2: Chagua milango miwili tu

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Anatoa nakala arobaini, anazisambaza kuanzia Shimanzi hadi Nyali kwa siku mbili, kisha anakaa nyumbani kusubiri simu. Kila aina ya kazi mjini ina mlango wake, saa yake na msimu wake, na huwezi kusimama katika milango yote kwa wakati mmoja.

Mlango wa viwanda vya nguo vya EPZ, yaani vya kushona bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, uko upande wa bara, kuanzia Changamwe kuendelea Mikindani, Jomvu na Miritini. Wengi huchukuliwa getini asubuhi, saa kumi na mbili au kabla yake, na anayedai kuwa ni fundi hupewa kitambaa na mashine aonyeshe mkono wake. Asiyejua mashine huanza kama helpa, yaani mtu wa kukata nyuzi, kubeba mafungu na kufungasha. Mshahara wa mwanzo si mkubwa, lakini huu ndio mlango ambapo mtu asiye na cheti chochote anaweza kuingia akatoka na ujuzi.

Mlango wa mizigo una vyumba vingi. Kuna ukuli na upakiaji katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, ambako mwenye kauli ni nyapara, na kuna kazi za ofisini katika kampuni za kliaringi, yaani za kutoa mizigo bandarini. Kwa kazi za ofisini, cheti cha Afrika Mashariki cha utoaji na usafirishaji wa mizigo, ambacho hufundishwa na chuo cha KRA kilicho na tawi hapa Mombasa, kina uzito kuliko barua kumi za utambulisho. Ajira za kudumu za Halmashauri ya Bandari hutangazwa hadharani, hivyo ajira ya bandari unayonong'onezwa kichochoroni si ajira.

Mlango wa mahoteli, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Shanzu, na Diani kwa anayeweza kwenda kukaa huko, hufunguka na kufungwa kwa msimu. Mvua za masika zinapoanza, Aprili hadi Juni, vyumba huwa vitupu na vibarua hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo anayepeleka barua mwezi Mei anagonga mlango wakati wenyewe wamelala. Peleka Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, hoteli zikijiandaa kwa Krismasi, au mwishoni mwa Juni kabla ya wageni wa Julai na Agosti. Kwa kazi yoyote ya kugusa chakula utaulizwa cheti cha afya, ambacho hutolewa baada ya kupimwa na hufanywa upya kila miezi sita, kwa hiyo usikitafute mapema mno kikaisha kabla ya msimu.

Mlango wa ubaharia unawavutia vijana wengi, nami sitawavunja moyo, ila wajue kwamba meli haimchukui mtu asiye na mafunzo ya usalama yanayotambuliwa kimataifa na hati za ubaharia za mamlaka ya bahari, KMA. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiko hapahapa. Ulizia ada kwanza kule chuoni kwenyewe, si kwa mtu anayejiita ajenti.

Mjengo na ufundi wa mitaani sina mengi ya kueleza: nenda mahali panapojengwa, kabla ya saa moja, ukiwa na vifaa vyako.

HATUA YA 3: Upe ujuzi wako karatasi

Mombasa imejaa mafundi waliofundishwa na wajomba zao, ambao kazi yao ni safi na hawana hata karatasi moja ya kuithibitisha. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kwa daraja tatu, na wa kuanzia ni daraja la 3. Si lazima uwe umekaa darasani; fundi aliyejifunza kazini hupimwa kwa kazi yake. Fundi umeme, seremala, mshonaji, fundi bomba au mpishi mwenye karatasi hiyo huulizwa maswali machache zaidi getini, na akipewa kazi huwa na hoja ya kudai mshahara wa fundi badala ya wa kibarua.

HATUA YA 4: Andika wasifukazi wa ukurasa mmoja

Weka jina, nambari ya simu inayoshika na nambari ya pili ya jamaa anayepokea simu. Chini yake weka vile vitendo vya Hatua ya 1, ukianza na vile vinavyoulizwa katika mlango uliouchagua. Kisha mahali ulipofanya kazi, hata kama ni duka la shangazi, ukitaja miezi na ulichokuwa ukifanya. Elimu iwe mwisho, na wadhamini wawili ambao umewaomba ruhusa.

Usiandike dini, kabila, urefu wala uzani. Usiandike kwamba unapenda kusoma na kutazama kandanda. Na usinakili wasifukazi wa mwenzako ukabadilisha jina tu. Nimewahi kuchapisha karatasi sita za vijana sita tofauti, wote wakidai kuwa walikuwa manahodha wa timu moja ya shule moja mwaka uleule.

ONYO KUHUSU PESA

Kazi halali hailipiwi na anayeitafuta. Utaambiwa ni pesa ya fomu, ya sare, ya kupimwa, ya "chai ya bosi", na kila jina litaletwa na mtu mwenye adabu na simu nzuri. Kabla ya kufungua duka hili, nilimpa mtu mmoja shilingi 6,000 kwa sababu alisema binamu yake ndiye anayeajiri katika kampuni fulani ya mizigo, naye akanikabidhi barua yenye mhuri. Nilipofika getini askari aliisoma polepole, akafungua mtoto wa meza, akatoa barua nyingine tatu, mhuri ukiwa umepinda upande uleule. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ni wa nne wiki hii." Wala hakucheka.

Kwa kazi za Ughuba hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hapo anayepotea ni mtu pamoja na pesa zake. Hakikisha kwamba wakala ana leseni hai ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kwa kuulizia mamlaka yenyewe. Usipande ndege kwa viza ya kutembea. Soma mkataba wote ukiwa Kenya, hakikisha umethibitishwa kiserikali, na mwachie mtu wa nyumbani nakala ya mkataba, ya pasipoti na ya jina la wakala.

HATUA YA 5: Getini

Fika mapema, uwe safi, uwe umekula. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa kuwa mtu wa kandambili hurudishwa hata kabla ya kuulizwa jina. Msalimu askari kama unavyomsalimu mtu wa rika lake, "shikamoo" kwa aliyekuzidi umri, kisha uliza mambo matatu: nani huchukua watu, huchukua siku gani, na wiki hii wanahitaji watu wa kazi gani. Majibu hayo yana thamani kuliko kuacha karatasi.

Watasema kwamba mjini hapa ni kujuana tu. Kweli, kujuana kupo, na kwingine ni upendeleo mtupu usiokuwa na dawa. Hata hivyo nyapara anayekuona Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa wiki tatu, ukiwa umesimama mahali palepale bila kelele, naye pia ameanza kukujua.

HATUA YA 6: Andika daftari kila jioni

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo uti wa mgongo. Dada mmoja wa Mishomoroni aliwahi kunionyesha daftari lake aliposubiri nakala zake, na ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Jumatatu, Changamwe, geti la pili, saa kumi na mbili na robo. Watu kama sitini. Wamechukua wanne, wote wa ovaloki. Jumatano, hapohapo. Wamechukua wawili, ovaloki. Ijumaa, mvua, hawakuchukua." Kwa wiki tatu alikuwa akisimama akijitaja kuwa anajua cherehani ya kawaida. Daftari likamwambia kile ambacho hakuna aliyemwambia, naye akaenda Kongowea kwa mshonaji mwenye mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, akamfagilia duka na kumkatia nyuzi mwezi mzima ili aachiwe mashine saa za jioni. Aliporudi getini alichukuliwa siku ya pili.

Daftari lina faida nyingine. Mtu aliyezunguka siku kumi bila kupata kitu huamini kwamba hakufanya lolote, na moyo huanza kuoza. Ukifungua ukurasa ukaona mageti manne, majina matatu na jambo moja ulilojifunza, unajua kwamba wiki haikupotea, na hata mzazi anayekuuliza "umeshinda wapi?" unaweza kumwonyesha.

HATUA YA 7: Tafuta cha kujishikiza

Anayetafuta kazi akiwa na njaa hukubali chochote, pamoja na wizi wa matapeli. Gawa wiki yako: siku tatu au nne za mageti, zilizobaki za kibarua au biashara ndogo. Viazi karai, kaimati, achari na mabuyu huanza na jiko la nyumbani, na mwezi wa Ramadhani jioni ya Mombasa hununua karibu kila kinachokaangwa. Ukiuza chakula barabarani utahitaji kibali cha kaunti na kile cheti cha afya cha Hatua ya 2.

Mkopo wa Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, huanzia shilingi 500 na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, ila unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Ukope kwa kitu kinachozunguka na kurudi ndani ya siku hizo, kama viazi na mafuta. Usiukope kulipia kodi ya nyumba.

Na kuhusu maskani: sikukatazi kukaa na wenzako barazani, kwa kuwa habari nyingi za kazi husikika pale kwanza. Nenda jioni, sikiliza, kisha ondoka. Anayefika saa tatu asubuhi huwa hana habari za kuleta.

HATUA YA 8: Ukishachukuliwa

Ikiwa kazi ni ya miezi 3 au zaidi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6. Ukiwa kibarua wa siku, na siku zako za mfululizo zikatimia mwezi, kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinakuhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hii ndiyo sababu baadhi ya waajiri huwapumzisha vibarua siku chache kila mwezi unapokaribia kuisha. Endelea kuandika daftari: tarehe, saa, jina la msimamizi, kiasi ulicholipwa.

Kwenye hati ya mshahara utaona makato ya NSSF, ya afya kwa asilimia 2.75 na ya mradi wa nyumba za bei nafuu kwa asilimia 1.5. Piga *147# uone kama pesa za SHA zinafika kweli. Zikikatwa bila kufika utagundua siku ya kulazwa, na siku hiyo si nzuri ya kuanza kuuliza.

MAMBO YANAPOKWAMA

Umezunguka miezi miwili na hakuna hata mahojiano. Rudi kwenye daftari utazame waliochukuliwa walikuwa na nini ambacho wewe huna. Kama ni ujuzi mmoja, simamisha mageti na ukaujifunze. Kama kila geti halikuchukua mtu, mlango wako umefungwa msimu huu, badilisha mmoja kati ya ile miwili.

Unaitwa kwenye mahojiano lakini huchukuliwi. Mwombe mtu mzima anayefanya kazi hiyo akuhoji, akusikilize. Mara nyingi tatizo ni kujibu "ninaweza kazi yoyote". Mwajiri hana kazi yoyote, ana kazi moja.

Umeshalipa tapeli. Toa taarifa polisi ukiwa na ujumbe wa M-Pesa na nambari, na usimtumie pesa nyingine za "kumaliza shughuli".

Umefanya kazi na hukulipwa. Nenda ofisi ya leba na daftari lako. Isiposuluhishwa, mahakama ya ajira ipo hapa Mombasa, na madai ya mkataba wa kazi yafikishwe huko kabla ya miaka 3 kwisha.

Umeachishwa kwa sababu msimu umeisha. Rudisha sare zikiwa zimefuliwa, waage wa jikoni na wa getini, omba barua ya utumishi siku hiyohiyo, kwa kuwa baada ya mwezi meneja mwenyewe huenda hayupo. Wazee walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo, yaani anayehama kambi haichafui, huenda akarudi palepale. Andika nambari ya msimamizi wako kwenye jalada la daftari, na Oktoba ikiingia mpigie.